Mmea Usionyamaza

Jumanne moja ya mwaka 1936, Telesia, mkunga wa kijiji cha Kichiwa, alimpeleka Mwingereza mtaalamu wa mimea kwenye bonde la maji nyuma ya kijiji, akamwonyesha mmea unaokata damu ya mwanamke aliyejifungua. Haukuota kwingine. Lameki, karani aliyekuwa mkalimani, alitafsiri jina lake na kazi yake mara tatu.

Bwana alishukuru, kisha akang'oa mashina yote kumi na moja pamoja na mizizi, akayabana kwa magazeti kati ya mbao mbili. Telesia alimwomba abakize walau mawili. Akajibiwa kwamba Ulaya kuna majumba mengi ya kuhifadhi mimea, na kila moja litataka nakala yake. Kwenye karatasi ya maelezo Bwana aliandika: jina la kienyeji, halijulikani; matumizi, hakuna.

Siku ya tisa Oktavia, mkwe wa Telesia, alijifungua mtoto wa kike. Damu haikukatika. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Walipokwisha kuzika, Telesia alitembea hadi Makambako, ambako masanduku ya Bwana yalikuwa yakipakiwa kwenye lori. Alipokaribia, mimea ilimwamkia kutoka ndani ya sanduku: "Kamwene, mama." Ikaendelea kwa Kibena, ikajitaja jina, ikaeleza inavyochemshwa, ikaomba irudishwe bondeni. Wapakizi walitua mizigo wakasikiliza. Bwana naye alisikiliza, akafungua daftari, akaandika: sauti, ya wastani.

Lameki alimuuliza kama aandike na inachosema. Bwana akasema hayo si mambo ya elimu ya mimea.

"Mwambie mkwe wangu amekufa," Telesia alisema.

Lameki akatafsiri. Bwana akavua kofia, akatoa pole, akamwambia dereva awashe gari.

Miaka miwili baadaye kitabu cha Bwana kilitoka, mmea umepewa jina la mkewe. Ikafuata barua kutoka jumba la mimea la Ulaya kwa ofisi ya Lameki huko Njombe: mimea ile inaongea mchana kutwa, wasomi hawasomi, tafadhali, "nyamazeni" husemwaje kwa Kibena?

Lameki alikuwa Mbena, neno alilijua. Hata hivyo akapanda baiskeli hadi Kichiwa. Alimkuta Telesia akipalilia viazi, mjukuu mgongoni, akamsomea barua yote. Telesia alikata magugu mpaka mwisho wa tuta ndipo akajibu.

"Waandikie Kibena hakina neno hilo."

Lameki akaandika hivyo hivyo. Huko Ulaya kabati la mimea ile likawekewa mlango wa pili, sauti isitoke. Kichiwa, mwaka huo, walizikwa wanawake wanne waliofia uzazini.