Mifuniko Kutoka Ruiru

Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa Ruiru kutafuta mifuniko ya mitaro. Kiwanda chetu cha mananasi hapa Thika kilikuwa kinapanuliwa, na kila shimo la maji machafu lilidai kifuniko cha chuma kinachoweza kubeba lori. Kazi yenyewe si ya kujisifia. Niliipenda kwa sababu ya Gathogo.

Gathogo alikuwa fundi katika karakana ya Singasinga mmoja karibu na stesheni ya Ruiru. Alichonga mfano wa kifuniko kwa mbao, akaushindilia mchangani, akautoa, kisha akamwaga chuma kilichoyeyuka katika nafasi iliyobaki. Nikifika tu mlangoni ananianza: "Atiriri, sikiliza, Boaz! Nyinyi watu wa Kavirondo mmebakisha nanasi huko kiwandani, ama mmemaliza?" Namjibu kwamba Mkikuyu angeuza hata shimo lenyewe kama angepata wa kulibeba. Tunacheka, tunachoma viazi vitamu kwenye makaa ya tanuru. Mke wangu Nelima alikuwa nyumbani Kimilili, huko huko Kavirondo, na katika Thika nzima hapakuwa na mtu wa kuniuliza kama nimelala vizuri. Gathogo aliniuliza.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, wakaja askari na malori, wakamchukua yeye na Wakikuyu wenzake wote wa karakana, na wa kiwandani kwetu pia. Kosa lake sikuambiwa, na sidhani yeye aliambiwa. Nilisikia tu kwamba Mzungu akimwandikia D.C., mkuu wa wilaya, kuwa fulani anahitajika kazini, huenda akaachiliwa. Basi nikaanza kuomba kazi ya mifuniko imshinde kila mtu mwingine.

Singasinga akajaribu mwenyewe. Ule mfano wa mbao ulipotea siku ya msako, kwa hivyo akachukua kifuniko cha zamani, akakishindilia mchangani badala yake. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua anakosea, maana Gathogo alishanieleza mara nyingi: chuma kikipoa hunywea, kwa hivyo lazima mfano uwe mkubwa kidogo kuliko kitu unachotaka. Nikanyamaza, na sijuti hata leo.

Mifuniko yake ilicheza ndani ya fremu kama jino bovu. Lori la kwanza lilipopita, mmoja uliinuka upande ukatumbukia shimoni, na gurudumu likafuata. Meneja wetu Mzungu akaja mbio, uso umemwiva.

"Boaz! Hii takataka gani? Nani naweza tengeneza sawasawa?"

"Gathogo, bwana. Peke yake."

"Iko wapi?"

"Kizuizini, bwana. Ukimwandikia D.C. barua, atamtoa."

Akakuna kidevu. "Ngoja mimi nafikiri."

Kwangu hiyo ilikuwa ahadi. Nilianza kula kwa hamu tena. Nikamnunulia Gathogo ugoro anaoupenda, na kila nilipopita ofisini kwa meneja nilichungulia kama ameshika kalamu. Kwenye laini za wafanyakazi vyumba vya Wakikuyu vilikuwa vimefungwa kwa misumari, nami nilizoea kupita nikiviamkia kama mwehu. Sasa niliviambia mmoja wenu anarudi.

Aliyerudi hakuwa mtu. Lilikuja behewa kutoka Mombasa, limejaa mifuniko mipya ya Ulaya ndani ya majani makavu. Nikaamriwa kuipanga. Iliingia kwenye fremu zake vizuri mno, na niliichukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu.

"Panda juu," meneja akasema.

Nikapanda mfuniko mmoja. Nikaruka kwa miguu yote miwili, nikakita visigino, nikiomba ucheze japo kidogo. Haukutikisika.

"Mzuri sana!" Akacheka, akanipiga begani. "Sasa hapana haja kusumbua D.C. Basi, Boaz, shuka."

Nikamsikia, nami nikaendelea kuruka.