Vidole Visiguse

Miaka ile ya soko huria, kila mwenye chumba cha ziada Mwanza alifungua ama duka ama chuo. Mwalimu Chenge wa Kirumba alikuwa na vyumba viwili, basi akafungua chuo. Kibao cha nje kilisema: Uhazili na Kompyuta. Uhazili ulikuwepo kweli, maana taipureta zilikuwepo, ingawa nyingine zilipungukiwa herufi. Kompyuta nazo zilikuwepo, mbili, katika chumba cha pili chenye zulia na pazia zito, zimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa na mke wa mwalimu, kama redio ya sebuleni kwa watu wenye heshima zao. Kuingia, unavua viatu. Mwenye mafua haingii kabisa, kwa sababu mwalimu alikuwa amesikia kwamba kompyuta hushikwa na virusi, na hakutaka mtu azikoholee.

Kija Masele aliingia mle mara nyingi, akavua viatu, akasimama ukutani na wenzake, akatazama vitambaa. Kujifunza walijifunzia chumba cha kwanza, kila mmoja na kipande chake cha boksi kilichochorwa vitufe kwa kalamu. Mwalimu akitaja herufi, wao wanabonyeza boksi. Kija alikuwa na kasi kuliko wote. Kila alipouliza lini watazigusa zenyewe, jibu lilikuwa lile lile: mwisho wa kozi. Mwisho wa kozi ukafika, na mtihani wa kompyuta ukaandikwa kwa kalamu ya wino.

Hapo Kija alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kupoa na kikombe cha chai. Kwao Magu, baba yake, mkulima wa pamba, alikuwa amekwisha kutangaza mnada mzima kwamba binti yake anajua kompyuta. Cheti kingemfungulia mlango wa ofisi katika viwanda vya minofu ya samaki. Bila cheti, ni kurudi kushika jembe. Na cheti kilikuwa tayari, kimepigwa muhuri, kinasubiri mahafali. Lakini siku ya kwanza kazini watamkalisha mbele ya mashine hasa, siyo mbele ya boksi, na aibu ya siku hiyo itakuwa yake, siyo ya Mwalimu Chenge.

"Ukiendelea na huu ubishi, cheti hupati," mwalimu alimwambia alipouliza mara ya mwisho, na hakuwa anatania.

Asubuhi ya mahafali mwalimu aliwachagua Kija na mwenzake wa dawati moja, Winnie, akawapeleka chumba cha zulia. Vitambaa vilikuwa vimeondolewa. Kompyuta zote mbili zilikuwa zinawaka, na kila kioo kilijaa barua nzuri aliyoichapa mwalimu mwenyewe.

"Mgeni rasmi akiingia, muonekane mnachapa," alisema. "Vidole vicheze juu ya vitufe. Visiguse. Mkigusa mtaharibu barua."

"Sasa mwalimu, mgeni si ataona herufi hazitoki?" aliuliza Winnie.

"Mgeni ataona vidole."

Mgeni rasmi alikuwa Bwana Vasant, mwenye kiwanda cha minofu, mtu aliyezaliwa na kukulia hapo hapo Mwanza. Aliingia na soksi zake za kijivu, wazazi wakimfuata pekupeku, na mbele yao wote Mzee Masele, kofia mkononi. Wasichana wakaanza. Kusema kweli ilipendeza. Vidole vilipanda vikashuka bila kutua, wazazi wakanong'ona kwa furaha, na Mzee Masele akamgusa jirani yake kwa kiwiko ili naye aone.

Furaha ile ya baba ndiyo iliyomshinda Kija. Kumdanganya mgeni angeweza. Kumdanganya baba yake mchana kweupe, tena kwa mikono yake mwenyewe, alikataa. Akashusha vidole.

Alianza na N. Aliibonyeza kwa nguvu na kuikalia, kama walivyozoea kwenye boksi, maana boksi halijali ukilikalia. Mashine ilijali. Herufi ikatoka moja, ikafuata nyingine, mara safu nzima ya n inakimbia katikati ya barua ya mwalimu. Kija akashtuka, akainua kidole. Nyuma yake mtu akacheka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hakuacha. Akabonyeza a, zikatoka tatu. Akaendelea hivyo hivyo, anaandika na kukosea, huku Mwalimu Chenge akikohoa na kukohoa, yeye aliyekataza watu kukohoa mle.

Bwana Vasant aliinama akasoma kwa sauti, akiziruka herufi zilizozidi. "Naitwa Kija. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kugusa kompyuta." Akamgeukia. "Binti, ya kwanza kabisa?"

"Kabisa, mzee. Tumesomea kwenye boksi."

Ghafla vioo vyote viwili vikazimika. Mwalimu Chenge alikuwa amesimama ukutani, mgongo wake umeziba swichi.

"Umeme," alisema. "Umeme wetu mnaujua wenyewe. Twendeni nje tukagawe vyeti."

Juu ya vichwa vyao feni iliendelea kuzunguka, na wazazi wakaitazama.

Kija aliinuka. Alipita mbele ya mgeni rasmi, akamfikia mwalimu, akapenyeza mkono nyuma ya mgongo wake na kuwasha swichi. Mashine zikaguna, zikaanza kuamka taratibu.

"Cheti chako umekiacha hapo," mwalimu alimwambia. "Jina lako silisomi."

"Kija, mwanangu," Mzee Masele akasema. "Mwombe mwalimu radhi."

"Wewe nakuomba radhi, baba. Yeye hapana."

Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaweka mikono mapajani kusubiri kioo kiwake. Hakuna mzazi aliyetoka.

"Kaa nacho, mwalimu," alisema bila kugeuka. "Kinasema naijua kompyuta. Ngoja kwanza niijue."