Anayeusikia Mto Kwanza

…na punje ya hindi bado imo vidoleni mwa Wakonyo, juu ya ramani ya mto Nzoia waliyoichora kwa chaki sakafuni, katika ukumbi mmoja mjini Kitale, maofisa wa kilimo na wa afya wa huku na wa Bungoma wamechutama kuizunguka, na Pauline, mkufunzi wao, amemwambia aweke punje penye nyumba ya yule atakayefundishwa kuwaonya wenzake mafuriko yakija, jambo jepesi, lakini chini ya kidole chake ni kijiji cha kwao, karibu na Moi's Bridge, na nyumba mbili, moja ya mama yake, ambayo haipo tena, na moja ya Agneta… “Madamu, weka bana,” anasema Wabwile wa Bungoma, “ama unaiombea ikue?” wanacheka, naye anacheka kidogo, Agneta, jirani, mke wa Kemboi, ambaye jioni ile ya Januari mwaka jana, wakati wa fujo za uchaguzi, alikuja mlangoni akasema tu, Mama Wakonyo, kuja unisaidie kupukuchua mahindi, ulale kwetu, na mama akatoka na leso yake, kwani nani hukataa akiitwa kupukuchua, wakapukuchua hadi wakasikia mabati ya nyumba ya mama yakilia motoni, na Agneta hakuinua macho, mikono yake haikusimama, vijana waliochoma walipobisha wakimtafuta mama akawaambia hapa ni mahindi tu… alijua, basi, hilo ndilo linalomkera Wakonyo, alijua kabla, alijuaje, alikuwa amekaa na nani, na sasa mama anataka kurudi, Jumamosi lori linapeleka mabati ya kumjengea upya, nipe neno lako, mwanangu, na yeye kila mara ngoja, mama, ngoja, utalalaje karibu na mtu aliyejua… “Tusitafute nani mzuri,” Pauline anasema, “tutafute nani yuko karibu na maji. Anayekaa mto unakotoka ndiye huusikia kwanza,” huusikia, naam, kwa kuwa unapita mlangoni pake, si kwamba aliuita, labda ni mwanawe Agneta aliyekuwa akinoa panga uani, labda shemeji, nani mwingine angeipata habari hiyo isipokuwa mtu aliyekaa nyumba moja na walioipanga, akawamiminia chai, kisha akavuka ua kwenda kuomba msaada wa mahindi ambayo pengine hata hayakuwa na haraka… na usiku ule, akipukuchua, Agneta alimwogopa nani zaidi, waliokuwa nje au waliokuwa ndani, hajawahi kumwuliza, hajampigia hata simu ya asante… “Tuko na njaa, madamu,” ni Wabwile tena, kwa upole sasa, mkono wa Wakonyo ungali hewani, kila mtu anaungoja, naye anawaza kwamba mbele ya lori, kando ya dereva, huwa pana nafasi ya watu wawili, mama na yeye, na kwa kuwa nyumba ya mama haina mlango bado, hodi ya kwanza itabidi aipige kwa Agneta.