Mtamba wa Kunikomboa

Nianze na moto, maana ndio ulionitia wazimu. Haukuwa moto wa kuni wala wa mkaa. Fundi Melkiory alifungua gesi, akawasha, ukatoka ulimi mrefu wa njano wenye masizi. Akafungua oksijeni kidogo, ukajikusanya, ukawa mfupi, wa bluu, unanguruma. Akaugusisha kwenye chuma, na chuma kikalowa! Sina neno jingine. Chuma nilichokijua mimi, cha mkuki na cha mundu, kililainika kikatembea kama samli juani. Nilicheka kwa sauti mpaka mafundi wakageuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa wafugaji wa Nyakasimbi, na papo hapo niliapa kwamba sichungi tena.

Hiyo ilikuwa mwaka 1952, kwenye karakana ya mgodi wa bati huko Kyerwa. Nilikuwa nimekwenda kuomba kazi ya kusukuma toroli. Melkiory, Mhaya wa Bukoba, mfupi wa kimo na mkali wa ulimi, aliniona nimeganda dirishani siku tatu mfululizo, akaniuliza kama mimi ni nguzo. Nikamwambia nataka kujifunza. Akasema mgodi unatafuta mwanafunzi mmoja wa kuchomelea. Atajaribiwa mwezi mmoja. Akifaulu ataandikiwa mkataba wa miaka mitatu, akishindwa aende zake. Na atalipwa tangu siku ya kwanza.

"Nilipwe kwa kujifunza?"

"Utalipwa kwa kuniharibia chuma," alisema. "Kujifunza ni juu yako."

Kosa langu lilikuwa kujisifu. Nilimwandikia baba barua, nikijua fika kwamba katekista atamsomea mbele ya watu: Baba, nafundishwa kazi, na huku nalipwa! Kisha nikamsahau baba, nikashika kazi. Wiki ya kwanza nilitoboa mabati kuliko panya anavyotoboa magunia. Melkiory alinifokea nisitazame moto, nitazame chuma kinavyoyeyuka. "Una haraka kama mtu anayefukuzwa na nyuki!" Wiki ya tatu mshono wangu ukaanza kulala vizuri, na nilipouona nilirukaruka. Sioni haya kusema.

Siku ya jaribio ikafika. Pipa kubwa la kupeleka maji mlimani, kwa ajili ya kuoshea mchanga wa bati, lilikuwa limepasuka kuanzia ubavuni hadi chini ya tumbo. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na mkubwa wa karakana akasema hapotezi maji kwa majaribio. Lichomelewe, lipakiwe kwenye lori, lijazwe mtoni, lipande mlimani. Likifika linavuja, mwanafunzi arudi kwao siku hiyohiyo.

Nilichomelea asubuhi nzima. Melkiory akapitisha ukucha juu ya mshono. "Mzuri," alisema. "Lakini ukucha wangu si maji."

Tukiwa tunasubiri lori, kwa mlango wa karakana akaingia ng'ombe. Nyuma yake baba yangu, Rwegoshora, na fimbo yake, vumbi mpaka kiunoni. Alikuwa ametembea siku mbili na magoti yake mabovu. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia bila kunitazama, akamgeukia Melkiory.

"Waitu, bwana wangu, nimekuja kumkomboa mwanangu, Mwesigwa."

"Kumkomboa kwa nani, mzee?"

"Kwako. Kwetu anayetaka uhunzi humpelekea mhunzi mbuzi na mtungi wa orubisi, pombe ya ndizi. Anayejifunza ndiye anayetoa. Huyu mmempa pesa naye hajui kitu, basi mmemnunua. Mtamba huyu hana kasoro. Mpokee, unipe mtu wangu."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, na nilikasirika pia, kwa baba na kwa waliomcheka. Nilijua kilichomleta. Dada zangu wote walikuwa wameolewa. Nikibaki Kyerwa, ng'ombe wote ni juu yake na magoti yale.

Melkiory hakucheka. "Mzee, hakuna aliyenunuliwa. Pipa lile likivuja leo, unamchukua bure, na mtamba wako mnarudi naye. Lisipovuja, anabaki."

Baba akatafakari. Akaliendea pipa, akaligonga kwa fimbo, akatega sikio.

"Mmelifukiza?"

"Kulifukiza vipi?" Melkiory aliuliza.

"Mama yake Mwesigwa hamimini maziwa kwenye ekyanzi asichokifukiza. Chombo chenye ufa, moshi hukisema kabla maziwa hayajamwagika."

Melkiory, mtu wa kujua kila kitu, alikuna kichwa. Kisha akaagiza makaa kutoka jikoni kwa mlinzi. Baba akayaweka kwenye kopo, akatia majani makavu na samadi, kopo likaingizwa ndani ya pipa na mdomo ukazibwa kwa gunia bichi. Mimi na Melkiory tukachunguza ubavuni. Hakuna kitu! Nikaanza kushangilia. Baba peke yake ndiye aliyejilaza chini, akaingiza kichwa kule chini ya tumbo la pipa.

Alikaa huko muda mrefu. Nikaona miguu yake tu, imetulia. Lori likaanza kunguruma nje.

"Mwesigwa," akaita. "Njoo."

Nikajilaza kando yake. Kidole chake kilikuwa mwisho kabisa wa mshono, pale nilipoharakisha kwa sababu nilikuwa naona namaliza. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatoka, mwembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe. Halafu nikaelewa jambo jingine, nikamgeukia.

"Baba, ungenyamaza tu, jioni ningekuwa nyumbani."

"Ningenyamaza," alisema kwa kunong'ona, "huko mlimani wangesema mtoto wa Rwegoshora ametengeneza chombo kinachovuja." Akajivuta nje, akajipangusa vumbi. "Ziba."

Tukatoa makaa, tukaacha pipa lipoe. Nikawasha moto. Safari hii nilienda polepole kuliko nilivyowahi kwenda maishani. Melkiory alimvalisha baba miwani myeusi, nikamsikia nyuma yangu: "Ehee! Chuma kinatembea!" Ilikuwa sauti yangu mwenyewe ya mwezi uliopita. Tukafukiza tena, na baba akajilaza tena chini, magoti yakilia. Akatoka akitikisa kichwa. Hakuna moshi.

Njia nzima ya mlimani nilikaa garini nimeweka kiganja chini ya ule mshono. Lori lilirukaruka juu ya mawe, maji yalipigapiga ndani, na kiganja changu kikabaki kikavu. Tulipofika nilipiga kelele, "Mkavu! Mkavu!" mpaka wachimbaji wakaja mbio wakidhani kuna aliyeumia.

Jioni ile niliandikiwa mkataba. Baba alikuwa amemfunga mtamba kwenye nguzo nyuma ya karakana.

"Mzee, nilikwambia hakuuzwa," Melkiory alisema.

"Nimesikia. Huyu si wa kukomboa tena. Mgodi unamlipa mwanangu jasho lake. Wewe unayemfundisha, mkono wako nani anaulipa? Mtamba ni wako."

Melkiory akashukuru, lakini kwa mbali. Aliwaogopa ng'ombe kama simba, kwa hiyo kazi ya kumlisha na kumnywesha mtamba ikawa yangu kila asubuhi kabla ya kengele. Ndivyo nilivyoapa kutochunga tena!

Nyumbani baba alitafuta mchungaji, nasikia akamlipa tangu siku ya kwanza. Yeye mwenyewe, na magoti yale, kila baada ya miezi michache alikuja Kyerwa. Alisema anakuja kumwangalia yule mtamba. Alikuwa akiketi mlangoni mwa karakana, miwani myeusi usoni, akitazama chuma kikitembea, tangu asubuhi hadi kengele ya mchana. Ng'ombe alikuwa amefungwa upande wa nyuma.