Diski ya Kuchorea Kola

Fundi kompyuta hakuwahi kumwita mkewe mrembo mbele ya watu, lakini mashine yake ya zamani aliiita hivyo kila Jumamosi asubuhi, huku akiipangusa vumbi kwa kipande cha kitambaa alichoomba kwa mke huyohuyo.

"Mrembo wangu kaamkaje?"

Mkewe, mshonaji, alikuwa upande wa pili wa sebule, nyuma ya cherehani. Mashine alikwisha kuizoea. Mwanamke mwenye akili timamu hagombanii mume na boksi la bati. Aliyemchoma roho ni mhasibu, mwanamke rafiki wa mumewe.

Mhasibu alisoma chuo kimoja na Fundi. Huko ndiko walikokutana na Slackware, Linux ya kizamani isiyo na mbwembwe: unawasha, skrini inabaki nyeusi, maandishi meupe yanakungoja useme unachotaka. Darasa zima lilishahamia kwenye mifumo ya kisasa yenye picha na vitufe. Hao wawili waligoma. Na kila Jumamosi mhasibu alifika, akavua viatu mlangoni, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo."

Wifi wa wapi? Dada za mume wake walikuwa wawili, na wote aliwajua mpaka kucha za miguu.

"Unajua ninachoipendea?" mhasibu alisema, akiegemea meza. "Haijifanyi inajua kuliko wewe."

"Ukiiambia futa, inafuta," Fundi akadakia.

"Haikuulizi, je, una uhakika?"

"Kwani ni mama yako?"

Wakacheka pamoja, kicheko kimoja chenye midomo miwili. Mshonaji alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. Jana tu alimwonyesha mumewe vitambaa viwili vya pazia, kimoja cha kijani cha majani mabichi, kingine cha kijani kilichopauka, akamuuliza kipi kinafaa. "Vyote sawa," alijibiwa, na hata kichwa hakikuinuliwa. Leo mtu yuleyule alikuwa anaeleza tofauti ya toleo hili na lile la zamani, anachambua kama mtu achambuaye mchele, maneno yanamtoka kama mvua.

Siku hiyo walikuwa wanaibadilishia mashine kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha nyingine zote. Kazi hiyo ina sharti lake. Ukishaweka kiini kipya, lazima uandike amri moja fupi, lilo, ndipo uzime. Amri hiyo ndiyo inayoionyesha mashine mahali kiini kilipo. Usipoiandika, ikiwaka haijui pa kuanzia. Mifumo mingine hujifanyia yenyewe. Huu unakuachia wewe, na wapenzi wake huona hiyo ndiyo heshima. Fundi, kwa kuogopa kusahau, alikuwa na kawaida ya kuimba: "Lilo kwanza, kuzima baadaye." Watoto wake walilelewa kwa wimbo huo kabla ya kujua mwingine.

Lakini leo mhasibu alianza kumuigiza mwalimu wao wa chuo, jinsi alivyokuwa akiingia darasani huku kalamu imening'inia sikioni naye akiitafuta. Fundi alicheka hadi akashika meza. Machozi yakimtoka, mkono wake mwingine ukaandika amri ya kuzima na kuwasha upya.

Hakuimba.

Mshonaji alilitambua mara moja. Alikuwa na pini midomoni. Angezitoa, aseme neno moja tu: lilo. Akazing'ata. Izimike, alijiambia. Izimike, mgeni aende kwao.

Skrini ikawa nyeusi. Kistari kimoja kikabaki kinapepesa kwenye kona, na hakuna kingine kilichokuja.

Kicheko kilikatika. Halafu mhasibu akapiga kelele, "Lilo! Tumesahau lilo!"

"Sisi! Watu wazima!"

"Aibu hii usimwambie mtu!"

Wakaanza upya kucheka, vichwa vimegusana juu ya kibodi, mhasibu anakunja mikono ya blauzi kwa raha zote. Mshonaji alitegemea msiba. Wenzake wamepata sherehe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Tunahitaji diski ya kusimikia, tuiwashe kwa hiyo," Fundi alisema, akapapasa juu ya kabati. "Ilikuwa hapa."

"Yangu ipo nyumbani. Twende tuifuate, ni karibu tu. Na chai utakunywa."

Fundi alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye kiatu.

Diski ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya futi kamba. Mshonaji aliichukua zamani, kwa sababu duara lake lilimfaa kuchorea kola za magauni ya watoto. Akiitoa, Jumamosi zitaendelea kama kawaida. Asipoitoa, mumewe anakwenda kunywa chai katika nyumba ambayo yeye hajawahi kuiona ndani.

Akatoa pini midomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Baba watoto, vua kiatu."

Akafungua droo.

"Ilikuwa wapi?" Fundi aliuliza.

"Kazini. Inachora kola."

Mhasibu akaangua kicheko. "Wifi! Umeijaza chaki!"

"Mimi si wifi yako." Akamgeukia mumewe. "Na wewe hukuimba. Niliona, nikanyamaza."

"Uliona? Ukaniacha nizime?"

"Nilitaka mgeni aende kwao."

Mhasibu aliushusha mkono wa blauzi taratibu. "Dada, sisi tunaongea habari za mashine tu. Haki ya Mungu."

"Hilo ndilo linaloniuma. Mimi, kwa mambo ya nyumba nzima, naambiwa 'vyote sawa'."

Fundi aliipangusa diski kwa upindo wa shati, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa upole ambao mkewe aliutazama hadi macho yakamuwasha. Akaiingiza. Mashine ikanguruma. Akaandika alichosahau, safari hii bila wimbo, akazima, akawasha, na maandishi meupe yakateremka.

Mhasibu hakupiga makofi. Alivaa viatu. "Kwaheri, shemeji," akamwambia Fundi, akaondoka.

Fundi alitoa diski, akainua mkono kuelekea juu ya kabati.

"Lete," mkewe alisema.

Akaiangalia diski, akaiangalia mashine. "Na huyu akizimika tena?"

"Unajua nilipo."

Alisitasita kama mtu anayekabidhi mtoto, kisha akampa. Mshonaji akailaza juu ya kitambaa, akazungusha chaki. Fundi alirudi mezani, lakini kiti alikigeuza kidogo, bega moja likaelekea cherehani.

Bega moja tu. Mshonaji aliliona, akashika mkasi, akaanza kukata.