Sura ya Naftali

...maana udongo ukishakauka haunywi rangi, unaitema, na huu ukuta wa zahanati nimeukandika mwenyewe tangu asubuhi, unyevu bado upo lakini jua la Kinampanda halina subira, na mimi nimesimama hapa na kijiti changu chenye masizi ya maji, mkono juu, sichori, na Mwenyekiti Kefa nyuma yangu anasema, Mama Elizabeti, anza na jembe, jembe kubwa, wageni wa wilaya waone kwamba kijiji hiki kinalima, nami nasema ndiyo, ndugu Mwenyekiti, jembe, lakini kichwani hakuna jembe, kuna Naftali, au tuseme hayupo, hiyo ndiyo shida yangu, nafumba macho nimtafute mume wangu napata ukuta, ule wa nyumba yetu ya zamani kule mlimani, nilipomchora amesimama wima, miguu pamoja, mwaka uleule tuliomzika, matanga hayajaisha, kwa sababu hatukuwa na picha yake hata moja na Elizabeti alikuwa bado ananyonya, nikasema huyu mtoto atamjuaje baba yake... na alimjua, alipoanza kusema kila asubuhi alisimama mbele ya ukuta, shikamoo baba, nami jikoni naitikia kwa sauti nzito, marahaba, hadi siku aliyonikataza, mama acha, baba anaitika mwenyewe... nani alikufundisha kuchora, aliniuliza mwalimu mmoja wa misheni, nikamwambia hakuna, akadhani nina kiburi, lakini kweli hakuna, nilikuwa nachunga ng'ombe wa baba, na mchungaji ana mchana mrefu na majabali yamejaa kila upande, unachukua mkaa wa moto uliochomea viazi, unachora ng'ombe unayemwona, anatokea kama mbwa, unafuta kwa mate, kesho anatokea kama punda, ukifika msimu wa mvua ni ng'ombe, basi... na nilipoolewa nikahamia kwenye kuta, Naftali akasema Dina, watu watatucheka, wiki mbili baadaye nikamwona anapanda mlima na kikapu cha udongo mweupe kutoka mtoni, mweupe hadi kope, anasema huu ni laini kuliko ule wako, jaribu... na buluu nikainunua Kiomboi, dukani kwa Shantilal, ile buluu ya kufulia, pakiti sita, akanitazama na kaniki yangu iliyochakaa kwa vumbi, mama, wewe unafua nguo za nani zote hizi, nikamwambia nafua kanga, akacheka, nikamweleza ni kanga ndege, nataka wale wa kichwa cha buluu, akaniongezea ya saba... jembe, anasema Kefa, na mwenge pembeni kama nafasi ipo, nafasi ipo Mwenyekiti, nafasi si tatizo... mwaka jana lori la serikali lilipokuja kutuhamishia kijiji hiki kipya nililisikia linapiga honi barabarani nami nimepiga magoti mbele ya ukuta na jembe, kweli kabisa, nataka kukikata kile kipande, nimkate Naftali kama mtu anavyokata mkate, nimpakie na magunia, udongo ukamomonyoka kwenye goti lake, nikaacha, nikaogopa nisije nikamuua mara ya pili, nikapanda lori mikono mitupu na tangu siku ile sijachora kitu, mwaka mzima, na juzi Elizabeti akauliza, mama, hivi baba alikuwa mrefu, nikafungua mdomo nimjibu nikakuta sina hakika, mrefu wa ukutani au mrefu wa kwenye mlango, nikasema kalale... Mama Eli, mbona umeganda, huyo ni Luciana, anakoroga udongo kwa miguu, zamani hatukujuana, yeye mlima wake na mimi wangu, sasa tunachota kisima kimoja na chumvi tunaazimana, anasema, jana nilipita kule kwenu, ndama wangu alikuwa amepotea, nikamwuliza bila kugeuka, ukuta upo? Upo, anasema, paa hakuna, ukuta upo, ila mbuzi wanaulamba. Wanaulamba? Ule udongo wako mweupe kumbe una chumvi, dada, wamejipanga foleni kama dukani, mumeo miguu yote wamemaliza, wamefika kiunoni, na beberu mmoja amesimama kwa miguu ya nyuma anamalizia shati... Kefa amekohoa, najua wananingoja nilie, hata mimi nangoja, kinachotoka ni kicheko, nacheka, Luciana naye anaanza, na katikati ya kucheka namwona, Mungu wangu, namwona, kwa sababu angeambiwa yeye kwamba beberu amemvua shati angefunika mdomo kwa kiganja cha kushoto, siku zote alifunika, aliona aibu ya pengo lile la meno aliloachiwa na teke la ndama, mabega yakipanda na kushuka, sauti haitoki, machozi tu, na kimo chake kilikuwa cha kuinama kidogo mlangoni, kidogo tu, kofia ikigusa, nilisahauje, nilimchora amefumba mdomo kama mtu aliyeitwa barazani, miaka minane nikamtazama yule, ukuta wangu mwenyewe ukanizibia mume wangu, walambe tu, wamalize, wana haki yao... Mama Elizabeti, anasema Kefa kwa upole sasa, unakauka huo, na bado haujakauka, kiganja changu kinaniambia, jembe utalipata Mwenyekiti, litakuwa katika mkono wa kulia wa mtu mmoja hapa mbele, mkono wa kushoto ana kazi nao, na wageni wako wakiuliza mkulima huyu anacheka nini utawajibu mwenyewe, wewe ndiye kiongozi... Luciana anajifuta macho kwa pembe ya kanga, anaanza upya, masizi yanatiririka kwenye kijiti hadi kiwikoni kwangu, na mimi bado mkono juu, sijachora, ila namngoja Naftali amalize kucheka, nitaanza na mabega.