Povu Kichwani, Mke Magotini

...na siku akija kukisimulia kisa hiki atakisimulia vibaya, aliwaza, watu wawe radhi tu, maana ni nani aliyewahi kushika mtiririko wa jambo akiwa uchi, macho kayafumba, povu limemshuka kutoka utosini mpaka kwenye nyusi, na bomba limekatika katikati ya kuoga, limekohoa mara moja kama mzee aliyetaka kutoa hoja akaghairi, kisha kimya, na ndoo, ile ndoo ambayo mkewe husema kila jioni ijazwe, akaipapasa kwa kidole gumba cha mguu ikamjibu kwa mlio wa ndoo tupu, basi dawa yake ilikuwa nyepesi, afungue mdomo aite maji, sauti si anayo, sauti ndiyo shamba lake na ndiyo duka lake, mtaa mzima unamwita Kipaza kwa sababu harusini umeme ukikatika yeye huendelea kusherehesha kwa koo tupu na wa viti vya nyuma hawaombi arudie, akavuta pumzi mpaka tumbo likaumuka, akafungua mdomo, na hapo ndipo sauti ya mkewe ilipopenya kwenye mlango wa mbao nyembamba, ya chini, ya taratibu, ikisema, na sasa Baba, nakuja kwenye habari za mume wangu... pumzi ikarudi ilikotoka. Mtu hakatizi mazungumzo yanayomhusu, hasa yakiwa yamefikishwa ngazi za juu namna hiyo, na leo ni Jumamosi, amesahau vipi, Jumamosi asubuhi mkewe na jirani yao mshonaji hupiga magoti sebuleni, viwiko juu ya kochi, wakaomba mpaka chai ipoe, na yeye alikuwa ameaga kwamba anakwenda kwa kinyozi, ameaga kwa kelele kama kawaida yake, akafika getini akakumbuka hajaoga, akarudi kwa mlango wa jikoni akinyata ili asiwasumbue, mara moja katika maisha yake anafanya jambo kimyakimya na malipo yake ndiyo haya, wanawake wanaamini hayupo, Mungu anajua yupo, na Mungu hasemi.

Akasikiliza, na tuseme kweli, mwanzoni alisikiliza kwa raha, maana mkewe alianza na shukrani, unajua Baba ulikomtoa, naam, aliwaza Kipaza, tuanzie hapo, hapo ninapapenda, na mkewe akaipitia ile chupa iliyokuwa ikiingia nyumbani kabla ya mwenye nyumba, akaipitia ile ngumi juu ya meza na vile vikombe vilivyokuwa vikiruka kama kuku aliyeona kisu, asante Baba vikombe vimetulia, na mshonaji akiitikia ndiyo Bwana, kabisa Bwana, kila kosa likitajwa anaitikia kwa nguvu kidogo kuliko la kabla yake, kama karani anayegonga muhuri na muhuri umemkolea, na Kipaza huku ndani akitikisa kichwa kukubali mpaka povu likamwingia sikioni, kwa sababu hizi ni hadithi zake, hizi ndizo huwasimulia wale waumini wapya anaowafundisha kila Jumapili baada ya ibada, chupa, ngumi, vikombe, chupa, ngumi, vikombe, amezisimulia mpaka zina mahali pa kupumzikia na mahali pa kuchekea, na Jumapili iliyopita somo lilikuwa kukua, kukua kiroho, akasema Mkristo asiyekua ni sawa na mtu mzima mwenye ndevu anayebebwa mgongoni, na kusema tu hakukumtosha, akamrukia mgongoni mhudumu wa mlangoni akazungushwa ukumbi mzima akinyonya kidole, mchungaji alicheka hadi akafuta miwani, lilikuwa somo zuri sana lile, hakuna aliyekumbuka lilihusu nini lakini lilikuwa zuri... lakini Baba, alisema mkewe, hujammaliza.

Lakini. Lakini ya mkewe anaijua, haiji peke yake, huja na mizigo. Binti yetu alipiga simu jana, mkewe alikuwa akimweleza Mungu, kwa utaratibu uleule anaomwelezea dada yake, nani kasema nini na akiwa wapi, anataka kumleta yule kijana nyumbani leo, chakula cha mchana, na amesema tukimaliza kuomba nimpigie nimwambie kama waje hapa au waende kwa mdogo wangu... kwa mdogo wako kufanya nini, aliwaza Kipaza, mama mdogo ndiye anayemwoza binti yangu siku hizi, mbona mimi nimekwisha kujiandaa, na kweli alikuwa amejiandaa, alikuwa na utani wa mlangoni, na utani wa mezani, na utani wa kumsindikiza mgeni, wote umepangwa kama sahani, maana kijana mwenyewe ni zawadi kwa mchekeshaji, anafanya kazi maabara, kupima damu za watu, shingo ndefu, na kila neno analotaka kulisema hulitafuta kwanza, linakwama kooni, analisukuma, linarudi, analisukuma tena, ukiwa na haraka unaweza kwenda sokoni ukarudi ukalikuta linatoka... akatabasamu, sabuni ikamwingia mdomoni... na mkewe akasema, sauti imeshuka zaidi, "Amesema, Mama, nampenda baba, lakini sitamleta mtu ninayempenda mahali pa kuchekwa."

Hapo hata mshonaji hakuitikia, na Kipaza akahisi joto likimpanda ingawa maji yalikuwa yakimkaukia mgongoni, kuchekwa, nani amemcheka mtu, utani ni utani, mimi ninaotaniana nao ndio ninaowapenda, nisiyempenda namsalimia tu napita, nimemtania mchungaji mwenyewe juu ya upara wake mbele ya mkewe na alifurahi, na huyo kijana nimemwona mara moja tu, pale getini, nikamuuliza jina kwa heshima zote, akaanza kulitafuta, jina lake mwenyewe, akafumba macho, midomo ikatetemeka, nami nikamwambia chukua muda wako mwanangu, sisi hatuhami, tunaishi hapahapa, na watu wakacheka, wapangaji wa mbele walicheka, muuza mkaa alicheka, binti yangu alicheka... alicheka? Akalirudia lile tukio gizani nyuma ya kope zake, taratibu, kama mtu anayepekua mfuko wa koti, geti, muuza mkaa, wapangaji, meno ya kila mtu nje, na binti... binti alikuwa ameinama, alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na viatu alivyovaa siku ile havikuwa na kamba. Na kijana je, kijana alilimaliza jina lake, hilo nalo likamjia sasa, midomo iliendelea, jina lilitoka lote hadi mwisho, lakini lilitokea katikati ya kicheko na kijana alilisemea chini, akaliambia vumbi la getini, hakuna aliyelisikia, na kwa hiyo mpaka leo asubuhi, na sabuni hii kichwani, mimi sijui mkwe wangu anaitwa nani, namwita Taratibu, miezi yote hii nauliza hajambo Taratibu, na binti yangu ananijibu hajambo, baba.

Na mimi Baba nilicheka, mkewe alikuwa akisema, "Nilikuwa dirishani nikacheka, maana huyu mtu akifungua mdomo mimi hucheka kabla sijajua anasema nini, nisamehe, nimezoea kumpenda hivyo"... na hilo lilimpiga mahali ambapo povu halikufika, kwa sababu kile kicheko ndicho alichokioa, aliwaza, nilikuwa jukwaani na suruali ya kuazima, ukumbi nusu tupu, mchezo unakufa mikononi mwetu, na msichana mmoja mstari wa tatu kashika mdomo kwa mikono miwili na mabega yanaruka, nikaacha kuwachezea wengine wote, nimemchezea yeye peke yake tangu siku ile, na leo yupo magotini anakiungama kicheko changu kana kwamba ni chake, hapana mke wangu, dhambi hiyo iweke upande wangu. Ila wewe Bwana nawe, akageukia huko, wewe nawe una mambo, chupa nilikupa, uliing'oa kama jino, siku moja, nikalia, pakapona, hasira ukaichukua kidogokidogo, kikombe kwa kikombe, nikadhani basi, tumemaliza, sasa ni kufundisha wengine na kungoja taji, kumbe unafuata na ulimi, ulimi ambao ndio kazi, ndio uliomsomesha huyohuyo binti, utanivua mpaka wapi na nguo zenyewe sina... na hata hapo alitaka kucheka, kwa sababu hiyo kauli ya nguo ilikuwa nzuri, akaiacha ipite.

Ikapita. Hakufa. Akaishangaa ile nafasi iliyobaki, na ndani ya nafasi ile akaiona meza ya mchana, vijiko vimesimama hewani, kijana amekwama kwenye neno, shingo imekaza, na yeye Kipaza pale kwenye kiti chake ana neno lenyewe tayari mdomoni, na juu ya neno ana utani, na halitoi, analikalia kama kuku anayeatamia, anamtazama kijana machoni si midomoni, neno lichukue muda wake, chakula kipoe, nzi atue aruke, na neno litoke la kwake mwenyewe, lote, nao waendelee kula. Marehemu mwenzake wa jukwaani, mtu mmoja mrefu, alikuwa akimwambia kwamba kuchekesha kila mlevi anaweza, kazi ni kusimama kimya wakati mwenzako anasema lake, na yeye alikuwa akimjibu kwamba wewe simama kimya mimi nitaongea, tugawane, wakagawana hivyo miaka na miaka... nitamuuliza jina, aliwaza, jambo la kwanza, mlangoni, samahani mwanangu siku ile sikulisikia, halafu ningoje. Ningoje tu. Na lilikuwa jambo dogo, dogo hata ni haya kulitaja, chupa ilikuwa na heshima yake, ukisimama kanisani ukasema nimeacha chupa watu wanapiga vigelegele, sasa hili utalisema vipi, wapendwa, jana mchana sikusema kitu, nani atakupigia kigelegele, na bado aliliona zito kuliko chupa, akashika ukuta.

Basi Baba, mkewe alikuwa anamalizia, sauti imechoka kidogo, anaijua hiyo sauti, ndiyo ile ya kufunga madirisha usiku, "mfunge kinywa chake, leo tu, mchana mmoja, na akubali mwenyewe, maana wewe humburuti mtu"... na kesho pia Bwana, mshonaji aliongeza, kesho pia... "na nimwambie mwanangu nini, waje au waende kwa mdogo wangu, maana sijui, Baba, kweli sijui"... kisha wote wawili wakanyamaza wakingoja kuonyeshwa, na Kipaza naye akangoja, bomba kavu, povu linapasuka tone moja moja sikioni, waje mke wangu, waambie waje, hivyo alitaka, na kitu kikaanza kumpanda kutoka chini ya kitovu, hakikuwa utani, utani anaujua njia yake, hiki kilikuwa kizito na cha kweli, hakukifanyia mazoezi, na kabla hajakitafutia mahali kikatoka, "Amina", kwa sauti ile ya tumboni, sauti ya harusi umeme ukikatika, glasi zikalia kabatini, mshonaji akaangusha kitu, hakuna kilichobadilika, maji hayakurudi, macho bado kayafumba, na ng'ambo ya ule mlango mwembamba wanawake wawili wamebana pumzi, naye akasimama palepale na mkono juu ya midomo, akiwaza, Bwana, wasije wakakulaumu wewe, ulikuwa umeshaufunga huu mdomo, ni mimi niliyeufungua ili nikushukuru.